Aksanti kwa mama wa Birere

Mama yetu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Sisi ni atelye ndogo ya ushonaji hapa Majengo, Goma. Vijana 14, wengi wao walikimbia vita makwao. Mfadhili alitupa ruzuku kwa awamu mbili: ya kwanza ya kununua cherehani, ya pili baada ya ripoti yenye risiti za kila kitu. Anayelijua soko la Birere anaelewa taabu yetu. Unanunua uzi, kitenge, makaa ya pasi. Muuzaji anakurudishia chenji na basi, risiti hakuna. Benki nazo zilikuwa zimefungwa tangu Januari 2025, hivyo hata karatasi ya benki ya kuonyesha hatukuwa nayo.

Ulinikuta nimekaa kando ya meza yako, daftari mapajani. "Mwanangu, una nini?" Nikakueleza. Ukafunika vitambaa vyako saa nne asubuhi, saa yenyewe ya wateja, tukapita kwa muuzaji mmoja mmoja. Wasiojua kuandika uliwaandikia fakture, yaani risiti, kwa mkono wako, karatasi ya kaboni katikati, wao wakatia dole gumba. Mmoja aliposhauri tuongeze bei kidogo, ulimkatalia palepale: "Pesa ya watoto haichezewi."

Awamu ya pili imefika, mama. Tumeongeza cherehani tatu. Msichana mdogo kuliko wote amekushonea blauzi ya kitenge, kipimo nilimkisia kwa macho. Nimerudi Birere mara mbili, sikukuona. Ukisoma haya, au mwanao akikusomea, pita uichukue. Imekunjwa juu ya meza ya kukatia, inakungoja.