Risala ya wazazi wa watoto wenye shida ya mishipa mikubwa ya moyo, Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari na manesi mliofika, viongozi wetu wa mtaa hapa Mwanga, wazazi wenzangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa wote shikamooni.

Tunashukuru sana umekuja, maana kikundi chetu ni kidogo na ugonjwa wenyewe wengi hawajausikia. Siku hizi ukisema mtoto ana tundu kwenye moyo watu wanaelewa, ila wa kwetu shida yao ni mishipa inayoingiza damu kwenye moyo, wamezaliwa nayo imeungana kusikotakiwa.

Kawaida mishipa mikuu miwili, wa juu na wa chini, inarudisha damu iliyotumika upande wa kulia wa moyo, halafu ile minne ya mapafu inaleta damu yenye oksijeni kushoto ndo isukumwe mwilini. Sasa kuna watoto ambao yote minne inamwaga kulia, au inaingia kwenye mshipa mkuu, wengine imeshuka mpaka kwenye mishipa ya ini huko. Damu inachanganyika, na mtoto anaishi kwa sababu tu ya katundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, kale kale ambako kwa mtoto mwingine ndo kangeitwa ugonjwa. Mshipa ukibanwa njiani anazidiwa ndani ya masaa au siku chache, anahema mbio, hanyonyi, na hapo upasuaji hausubiri.

Wapo pia wenye mshipa mkuu wa juu pande zote mbili. Huo wa kushoto kila mtu anakuwa nao akiwa mimba changa kisha unajifunga wenyewe, ila kwa watu kama 3 mpaka 5 katika kila 1,000 haujifungi, na wengi wanazeeka nao bila kujua, mpaka siku daktari anapitisha mpira wa dripu au waya wa betri ya moyo unaenda kusikotegemewa. Mzazi akiambiwa hivyo asilie kwanza, aulize huo mshipa unamwaga wapi. Ukimwaga kulia mara nyingi hana neno, ukimwaga kushoto kuna kazi, maana hata kipovu cha hewa kwenye dripu kinaweza kufika ubongoni.

Mheshimiwa, kinachotuumiza ni kuchelewa. Mtoto anahema vibaya anatibiwa nimonia, akimaliza dozi anarudi vile vile, nyumbani wanasema kachezewa, na mama analaumiwa eti alikula nini wakati mishipa hii inajipanga wiki za mwanzo kabisa wengine hata hawajajua wana mimba. Tena sisi ngozi yetu nyeusi, ule ubluu wa damu kukosa oksijeni hauonekani kirahisi, inabidi uangalie ulimi na fizi.

Ndo maana ombi letu la kwanza, na tukipata hili moja tutakuwa tumeridhika, ni oksimita, kale kakipimo kanakobana kidole kupima oksijeni kwenye damu, iwepo kila chumba cha kujifungulia mpaka vijiji vya ziwani kama Kalya ambako mama anakuja mjini kwa boti. Mtoto apimwe mkono wa kulia na mguu kabla hajaruhusiwa, akisoma chini ya asilimia 90 asirudishwe nyumbani, akiwa kati ya 90 na 94 arudiwe kupimwa. Haichomi, haitoi damu, ni dakika chache tu. Haikamati kila mtoto, hilo tunalijua, ila inakamata wengi ambao macho hayawaoni.

La pili ni mashine ya eko, ile ya kupiga picha ya moyo, na mtu wa kuisomea moyo wa mtoto mchanga karibu na sisi, maana kutoka hapa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mtoto wa siku tatu hawezi kusafirishwa hivi hivi kwa kubahatisha.

La tatu ni nauli za kliniki. Daktari akishaunganisha mishipa na mtoto akanawiri, wazazi wengi tunaacha kwenda, kumbe ile mishipa ya mapafu inaweza kubana tena miezi ya mbele na mtoto anaonekana anacheza tu. Kikundi kinachangishana, ila hazitoshi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.