Jua lilikuwa juu kijana yule alipouawa

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na steji huku Kariobangi. Majuma mawili yaliyopita, saa nane mchana, kijana mmoja alipigwa akafa mbele ya vibanda vyetu. Kisa, simu. Kama aliiba au hakuiba sijui mpaka leo, na sidhani waliompiga walijua. Wengine walishuka kwenye matatu wakiuliza "kuna nini?" na mawe tayari wameyaokota.

Kesho yake mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliniona nimenuna. "Mama Fundi, si hata Biblia inasema jicho kwa jicho?" Nilimpa suruali, nikapokea pesa yangu, nikanyamaza. Nafundisha shule ya Jumapili, na tangu siku hiyo maneno yake yananikera.

Haya, jicho kwa jicho. Roho kwa simu imeandikwa wapi? Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, inasema aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamuuza alipe ng'ombe watano. Kondoo, alipe wanne. Akikutwa naye mnyama yungali hai, alipe wawili. Basi simu mbili, bwana mteja, yaishe. Sura hiyohiyo inasema mwizi akinaswa akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini ikiwa jua limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Gizani hujui aliyeingia kashika nini. Mchana unamwona. Huyu wetu alionekana vizuri sana: shati la buluu, kifungo cha pili hakipo. Vifungo ndiyo kazi yangu, sivisahau.

Na mashahidi je? Kumbukumbu la Torati 17 inataka wawili au watatu, mmoja hatoshi, na mkono wa shahidi ndio utangulie kumpiga mwenye hatia. Anayesema "nilimwona" aubebe mwenyewe uzito wa neno lake. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 50, nayo inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Hapa stejini mikono ilikuwa mingi, lakini polisi walipofika kuuliza, hakuna aliyeona kitu. Hata aliyepiga ukelele wa "mwizi!" hajulikani.

Lakini linaloninyima usingizi ni sura ya 21 ya hicho Kumbukumbu la Torati. Mtu akikutwa ameuawa uwanjani na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi hutoka wakapima kutoka maiti ilipo hadi miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi humchukua mtamba wa ng'ombe ambaye hajafanyishwa kazi, wakamvunja shingo katika bonde lenye maji yanayotiririka, wakanawa mikono juu yake. Kisha hutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile, wala macho yao hayakuona.

Tepu ya kupimia hukaa shingoni mwangu kutwa. Jioni ile, mwili ulipokwisha kuchukuliwa, nilipima kwa miguu. Hatua 11 hadi mlangoni kwangu. Kwa muuza viazi ni 14, kwa wa mitumba zaidi ya 20. Kwa hiyo mji ulio karibu ni mimi. Nikajaribu kuyasema maneno ya wale wazee, nikaweza nusu tu. Mikono yangu haikumwaga. Macho, Mhariri, yaliona. Nilifunua pazia, nikatazama, nikalishusha, nikaendelea kushona upindo wa sketi ya shule ya mtoto wa watu.

Jumatatu nilikwenda kituoni nikaandikisha taarifa. Afisa aliandika yote, akaniuliza kama kuna mwenzangu aliyeona. Nilimwambia tulikuwa wengi.

Jumatano asubuhi sitafungua kibanda, narudi huko. Jirani wa viazi, na nyinyi wa mitumba, nawasubiri hapo stejini saa tatu.

Mama Fundi,
Kariobangi, Nairobi