Barua ya kufunga muhula: kijana wetu wa hesabu, baiskeli yake na ile kona

Wazazi na walezi wangu, habari za leo, poleni na majukumu. Ijumaa hii tunafunga muhula wa kwanza, watoto watakuja nyumbani na ripoti zao, naomba mzazi uisome mwanao akiwa amekaa pembeni yako, usiishie kuangalia amekuwa wa ngapi. Tunafungua mwanzoni mwa Julai. Mchango wa chakula, wale ambao bado, njooni tuongee, mlango wangu uko wazi na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya hilo. Hayo nimeyafupisha makusudi kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu Aprili, nataka nilimalize na nyie kabla hatujaachana.

Wengi mmesikia habari za kijana wetu wa Form Three aliyegongwa na lori asubuhi akija shule. Maneno mtaani yamekuwa mengi, kuna aliyesema mtoto alikuwa anadandia lori, sio kweli, kuna aliyesema amefariki, yuko hai jamani, mkono wa kulia ndio ulivunjika sehemu mbili na anaendelea vizuri. Mama yake ameniruhusu nisimulie, jina tu nisilitaje.

Huyu kijana nilimjua siku moja akiwa bado Form Two, saa ya mapumziko, napita nje ya darasa naona wenzake wote wako uwanjani yeye kabaki peke yake ubaoni mikono imejaa chaki. Nikadhani amepewa adhabu. Nikamuuliza unafanya nini hapa, akasema madam njoo uone, hii moja ya saba inanishangaza. Alikuwa amegawanya 1 kwa 7 kwa mkono, bila kikokotoo, akapata 0.142857 alafu inaanza tena 142857, tena na tena, haiishi. Akasema sasa angalia hapa. Akazidisha 142857 mara 2 ikatoka 285714, mara 3 ikatoka 428571, tarakimu ni zile zile sita zinazunguka tu kama watoto walioshikana mikono wanacheza, hakuna anayetoka hakuna anayeingia. Alafu akazidisha mara 7, akageuka akaniangalia usoni kabla hata hajamaliza kuandika, ikatoka 999999. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili lakini siku ile nilisimama pale mpaka kengele ikagonga.

Nyie wenyewe mnajua hesabu ndiyo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote mtihani wa Form Four, kila mwaka ni hivyo hivyo, mtoto anafaulu masomo mengine vizuri kabisa akifika hesabu anaandika jina anafunga karatasi. Sasa ukipata mtoto anayebaki darasani saa ya kucheza kwa sababu namba imemnogea, huyo ni wa kumtunza kama mboni ya jicho. Na kwake sio habari ya darasani peke yake. Baiskeli yake ni ile ndefu ya tairi za inchi 28 aliyoachiwa na babu yake, amehesabu meno ya gia, 44 mbele na 18 nyuma, akapima mzunguko wa tairi kwa uzi, anakwambia pedeli ikizunguka mara moja yeye anasogea mita 5 na kitu, kwa hiyo toka kwao Tabata, hapa hapa Dar es Salaam, mpaka shuleni, kilomita 4, anakanyaga mara 740 na ushee. Na akifika anakuhakikishia kweli alihesabu.

Hapa sasa ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana kuna kosa ni la kwangu.

Mwezi wa pili tuliweka pindi la hesabu la asubuhi, saa 12 na nusu, kwa wale wanaotaka kwenda mbali zaidi ya silabasi. Walimu walijitolea, hawalipwi hata senti, nawashukuru. Lakini ile ratiba nilisaini mimi na sikujiuliza mtoto anayetoka Tabata aamke saa ngapi na apite barabarani kukiwaje. Aprili ni masika, saa 12 asubuhi bado kagiza, mvua inanyesha, na barabara ya Mandela mnaijua, malori ya bandarini yanaanza foleni kabla hata jogoo hajamaliza. Mtoto alikuwa anawahi kitu anachokipenda, kitu tulichomwekea sisi, saa tuliyoipanga sisi. Hilo siwezi kulisukumia mtu mwingine.

Ilikuwa hivi. Anakuja upande wake wa kushoto kama sheria inavyotaka, mbele yake lori limepunguza mwendo karibu na njia panda, yeye akaona limempisha, akaingia kati ya lori na ukingo wa barabara. Kumbe lori linakata kona kushoto. Kichwa cha lori kikampita salama kabisa, akashusha pumzi, mara anaona matairi ya nyuma yanamjia ubavuni. Akabana breki, rimu za chuma zimelowa, baiskeli ikaendelea kuteleza tu kama hakushika kitu. Akasukumwa akaangukia mferejini na huo mfereji ndio uliomwokoa. Tairi la mbele la baiskeli lilibaki juu ya ukingo, limekunjika kama chapati. Dereva alisimama, akamtoa mle mferejini, akampakia kwenye bajaji akaenda naye mpaka hospitali. Nalisema hili kwa sababu mtaani wamemfanya mnyama. Alisema hakumuona na mimi namuamini, maana dereva wetu anakaa kulia, juu kabisa, mtoto wa baiskeli akiwa chini ya mlango wa kushoto ni kama hayupo duniani.

Wiki ya tatu akarudi shule mkono uko kwenye hogo, ile plasta ngumu ya kushika mfupa. Sikutegemea alichofanya. Aliniomba dakika 10 za paredi ya Jumatatu, akaja na chaki, kamba ya katani na wenzake watatu, akachora kwenye ile sakafu ya uwanja wa netiboli kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda pinda lakini inasomeka. Akasema lori tulifanye mita 6 toka tairi la mbele mpaka la nyuma. Tairi la mbele la ndani likizunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, la nyuma litapita wapi? Watoto wote wakajibu hapo hapo, linafuata la mbele. Akasema hapana, hata mimi nilidhani hivyo. Akachora pembetatu mraba, 10 mara 10 ni 100, 6 mara 6 ni 36, toa, inabaki 64, kipeuo chake cha pili 8, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la tairi la nyuma. Akawaambia wenzake watembee na kamba, mmoja mbele mmoja nyuma, na yule wa tatu akasimama pembeni kwa ndani kama yeye alivyokuwa siku ile. Wa mbele akampita yule wa tatu bila kumgusa, wa nyuma akamkanyaga kiatu. Uwanja mzima ukanyamaza. Akasema, tairi la nyuma linakuja ndani mita 2, mimi na baiskeli yangu hatujazi hata mita 1, na hilo ni lori fupi, trela ndiyo kabisa.

Nimefundisha miaka 22, somo lililoingia watoto vile sijaliona. Pythagoras, mwenye ile kanuni ya pembetatu mraba, wanamsoma Form Two wanamkariri wanamsahau, siku ile walimuona anapita barabarani.

Baada ya ajali wazazi kadhaa mmenipigia mnataka nipige marufuku baiskeli shuleni. Nawaelewa, na mimi nina watoto. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko kitu kingine chochote, sio jambo la kuchukulia kawaida. Lakini tukiipiga marufuku mtoto atakuja na nini? Daladala? Konda akiona sare anafunga mlango kwa sababu mwanafunzi nauli yake ni ndogo na mtu mzima analipa zaidi, watoto wanasimama kituoni saa nzima, wanafika wamechelewa wamelowa wamechoka, wa kike wanapewa lifti na watu tusiowajua. Bodaboda? Wanapakiwa watatu, hapo ndio tumemtoa mtoto kwenye moto tumemweka kwenye makaa. Kwa hiyo baiskeli inabaki, ila haitabaki vile ilivyokuwa.

Pindi la asubuhi nimelifuta. Kuanzia Julai hesabu ya ziada itakuwa mchana baada ya vipindi, saa 9 mpaka saa 10 na nusu, mtoto anarudi nyumbani jua bado liko. Na kila mwenye baiskeli atakaa na mwalimu wa hesabu na mwalimu wa jiografia wachore njia yake ya kuja shule, wamtafutie njia za ndani. Kijana wetu tayari ameshachora ya kwake, akikwepa Mandela inamuongezea kilomita 1 na nusu, kwa mwendo wake wa kilomita 12 kwa saa hizo ni dakika 7 na nusu. Ameniambia mwenyewe, madam dakika 7 na nusu nitazipata nikilala mapema.

Kwenu nyie wazazi naomba haya, na naomba kwa kweli. Ingia uani leo ushike baiskeli ya mwanao, binya breki uisukume, ikitembea ipeleke kwa fundi, raba za breki sio gharama. Mvua ikinyesha mwambie aanze kubana mapema sana, zile rimu za chuma zikilowa hazishiki, au ashuke asukume, hakuna mwalimu atakayemchapa kwa kuchelewa siku ya mvua, hilo nimeshaliagiza. Mnunulie kofia ngumu hata ya mtumba, ila igeuze uiangalie ndani kama haina ufa. Mbandikie stika za kung'aa nyuma ya karia na kwenye begi. Mwambie dimbwi asilipite katikati, mifereji yetu mingi haina mifuniko na maji yanaficha. Asiweke hedfoni masikioni. Asipite barabara ya mwendokasi eti kwa sababu iko wazi, lile basi linakuja kasi na halina pa kukukwepea. Na kudandia lori au daladala kwa mkono, nikimkamata mtoto anafanya hivyo nitamwita mzazi siku hiyo hiyo, sitasubiri kesho.

Alafu na nyie mnaoendesha, bajaji, bodaboda, magari yenu, kuna baba zetu humu ni madereva wa malori nawajua, hapa mjini mwendo ni 50. Ukiongeza kutoka 30 mpaka 60 breki inahitaji umbali mara 4, sio mara 2, Form Three wamelifanya kwenye fizikia muulizeni mwanao akuonyeshe. Kabla ya kukata kona kushoto angalia kioo, alafu angalia tena.

Kijana hogo linatolewa wiki ijayo. Ameomba kurudi kwenye hesabu siku ile ile tunayofungua na mama yake amekubali. Baiskeli yake iko ofisini kwangu, tairi la mbele fundi ameshabadilisha bure, iliyobaki ni foki ya mbele, kile chuma kinachoshika tairi, imepinda na fundi anasema haifai kunyooshwa, ikinyooshwa itakatika njiani. Kama kuna mzazi ana foki ya baiskeli ya 28 imekaa tu nyumbani, naomba ailete au anipigie nimtume mtu aifuate.

Likizo njema, nisalimieni watoto.

Mkuu wa Shule