Kabla hujapanda basi la Lushoto

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza ni Jumamosi tulipokuwa kwa fundi baiskeli: nilifungua kinywa, ukaniangalia, nikajikuta nakuuliza kama mnyororo umekaa sawa. Mara ya pili dada yako aliingia kutafuta chaja. Basi nimeamua kuandika, na barua nimeiweka chini ya mto wako pamoja na fomu ya kambi. Soma peke yako.

Mama yako ameniambia hutaki tena kwenda, eti kambi ni ya watoto wadogo wa Shule ya Jumapili. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mwezi wa nne ulikuwa unahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Ulibadilika siku ile waliposema kanisani kwamba mtalala bwenini, vitanda vya juu na chini, wavulana kumi na wawili chumba kimoja. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nikaona mabega yako.

Ni kitanda, siyo?

Sasa nikuambie jambo ambalo hata bibi yako analijua nusu tu. Mwaka 1993, nikiwa na miaka 13, nilipelekwa kambi ya kanisa hukohuko Usambara. Usiku wa pili nikakojoa. Niliamka saa kumi alfajiri, shuka limelowa, godoro limelowa, na jamaa aliyelala kitanda cha chini yangu anakoroma. Nilivua shuka polepole kama mwizi, nikatoka nalo hadi bombani. Maji ya Lushoto mwezi wa sita hayana huruma. Vidole vilikufa ganzi kabla sijamaliza kufua upande mmoja. Na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata ningeanika siku nzima lisingekauka. Nikabaki nimelishika mkononi, linachuruzika, sijui nilipeleke wapi.

Aliyenikuta ni bibi mmoja mpishi, amekuja kuwasha moto wa uji. Hakuniuliza kitu. Alinipokonya shuka, akalikamua kwa nguvu kuliko nilivyoweza mimi, akalitundika kwenye kamba juu ya jiko la kuni, kisha akaniambia nimsaidie kuchambua maharage. Mchana nililikuta limekunjwa juu ya kitanda changu. Lilikuwa linanuka moshi mpaka mwisho wa wiki, na wenzangu wakawa wananiuliza mbona nanukia kande. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo.

Kitu kimoja kuhusu kambi hiyo bado kinaniuma: nilikaa siku nne bila kumwambia mtu, na siku zote nne sikusikia hata somo moja. Mwalimu anafundisha, mimi nahesabu saa zilizobaki kabla ya giza.

Nilikwenda kumuona daktari wa watoto juu ya hili, bila wewe, na unisamehe kwa hilo. Aliniambia katika watoto ishirini wa miaka kumi, mmoja hivi bado hukojoa kitandani, na hata kwenye umri wa sekondari bado wapo, ila hakuna anayejitangaza. Kwa hiyo fanya hesabu ya kambi yenu ya watoto zaidi ya mia. Akaniambia pia kwamba hili hutembea katika familia: mzazi mmoja akiwa alikuwa hivyo, mtoto ana uwezekano wa karibu nusu. Maana yake umelirithi kwangu, pamoja na masikio. Usingizi wako ni mzito, kibofu kinapiga hodi na wewe husikii. Basi.

Nasisitiza hilo la kibofu kwa sababu inawezekana huko ukakutana na mtu mwenye bidii kuliko maarifa, akasema ni pepo, akataka kulikemea. Mimi naamini maombi, unanijua. Lakini hakuna pepo hapo. Mtu akikwambia hivyo, mjibu kwa adabu, "Baba amesema tumeshaonana na daktari," kisha uondoke. Na wimbo ule wa kikojozi wakiuimba, waache waimbe. Nimeuimba mimi pia, nikawa naimbiwa jioni hiyohiyo.

Daktari alisema zipo dawa za muda mfupi ambazo watoto wengine hupewa kwa safari kama hii, ila zina masharti yake ya maji na lazima zijaribiwe nyumbani kwanza, na sisi tumechelewa. Kwa hiyo tutatumia njia za kawaida. Mchana kunywa maji ya kutosha, usijikaushe kwa woga, maana ukijikausha mchana utabugia usiku. Baada ya chakula cha jioni punguza. Mtego mkubwa ni chai ya pale kwenye moto wa kambi saa tatu usiku: ni tamu, kuna baridi, kila mtu ana kikombe. Shika kikombe chako upashe mikono moto, lakini usimalize. Baridi yenyewe inakojoza, bila msaada wa chai. Nenda chooni kabla ya sala ya usiku, na nenda tena taa zikikaribia kuzimwa, hata kama huna haja.

Na haja kubwa usiibane. Najua vyoo vya shimo huvipendi. Nilikuona kwa shangazi yako Korogwe, siku tatu hukwenda. Tumbo likifunga linakandamiza kibofu, halafu usiku unashangaa. Kule mapapai na maparachichi ni ya kumwaga, kula. Tochi nimeweka betri mpya.

Begini utakuta mashuka mawili ya rangi ya kiza, si yale meupe ya mama yako, suruali tatu za kulalia zinazofanana, karatasi la nailoni la kutandika juu ya godoro, na mfuko mweusi wenye kamba wa kuwekea kilicholowa. Ukiandika "nguo chafu" juu yake kwa kalamu nene hakuna atakayefungua, hao ni wavulana. Omba kitanda cha chini. Sema huwa unaanguka. Si uongo, uliwahi kuanguka ukiwa na miaka minne.

Sweta mbili usizitoe ili upate nafasi ya viatu vya mpira. Wenzetu wa Ulaya na Marekani kambi zao huwa kiangazi, watoto wanaogelea ziwani. Sisi likizo ya mwezi wa sita inaangukia kipupwe, na Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Wewe mtoto wa Dar es Salaam baridi unayoijua ni ya feni. Mtakaa kwenye majengo ya misheni, na Wajerumani wa misheni ya Bethel walifika Mlalo, hukohuko Usambara, tangu mwaka 1891. Kuta zile nene za zamani zinatunza baridi kama mtungi. Vaa soksi kulala.

Basi litapita Chalinze, Segera, Korogwe, na hadi Mombo utajiona mwanaume. Baada ya Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona. Kaa mbele, angalia barabara, usiangalie genge chini, na kipande cha tangawizi kiko mfuko wa kushoto wa koti. Shilingi elfu kumi nimeichenji noti ndogo. Mkisimama Soni nunua matunda, usinunue soda. Simu hairuhusiwi, na kwa kweli nimefurahi.

Sasa jambo zito. Kukojoa kwako ni siri yako. Unaweza kuitunza, unaweza kumwambia mtu, ni yako. Lakini ikitokea mkubwa yeyote, awe kiongozi wa bweni, awe mwalimu, awe amevaa kola ya uchungaji, akakugusa mahali pasipomhusu, au akakuonyesha kitu, halafu akasema "hii ni yetu wawili, usimwambie baba," hiyo hukuiomba na huna deni la kuitunza. Unaniambia mimi siku hiyohiyo. Huwezi kunipata, mwambie mama mlezi wa kambi. Naye akikupuuza, mwambie mwingine, na mwingine tena. Omba simu yoyote upige 116, ni bure, ni namba ya watoto. Na mtu akijua una aibu ya kitanda na akaanza kukutishia nayo, hapo ndipo uniambie haraka zaidi. Sitauliza kwanza shuka lilikuwaje.

Mtu akitaka kukuombea peke yako chumbani mlango umefungwa, mwambie mkaombe nje, kwenye baraza, watu wakiona. Maombi hayapungui nguvu kwa kuwa nje. Nimemuuliza mchungaji wetu juu ya hili, naye akasema viongozi wote wameambiwa hivyo: wawili wawili, milango wazi. Nikamwambia nitakwambia na wewe, ili usidhani ni ujeuri.

Usiku wa mwisho kutakuwa na moto mkubwa na mahubiri, na mhubiri ataita watu wapite mbele. Watalia wengi. Mimi nilipita mbele kwenye kambi tatu mfululizo, na kwa uaminifu, mara ya pili nilipita kwa sababu yule binti wa kwaya alikuwa amepita. Usipite kwa sababu bweni lote limesimama, na usibaki umekaa kwa sababu wenzako watakucheka. Ukisikia kitu, nenda. Usiposikia, kaa, tazama moto, imba. Ulibatizwa nikiwa nimekushika, ukanilowanisha shati siku hiyo pia, na mwakani unaanza mafundisho ya kipaimara. Hakuna anayekufungia mlango usiku ule saa nne. Na ukirudi na maswali magumu kuliko uliyoondoka nayo, sitadhani kambi imeharibika.

Utakumbuka nyumbani, labda usiku wa pili au wa tatu. Hiyo haimaanishi nije kukuchukua. Nimeelewana na viongozi kwamba wakinipigia nitaongea na wewe kwanza kabla ya kupanda basi, kwa hiyo usipange maneno ya kuniliza, mimi ni mwepesi.

Imebaki fomu. Nimejaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya bima, aleji ya karanga nimeandika kwa herufi kubwa. Pale palipoandikwa "Hali nyingine ya afya ambayo viongozi wanapaswa kujua" nimepaacha wazi. Kalamu ilikuwa mkononi, nikaona si haki nikuandikie bila wewe. Mama mlezi anayesoma zile fomu ni nesi, ana watoto watano, na kazi yake ni kukuamsha saa sita usiku bila kelele ukitaka aamshe. Ukitaka, andika. Ukitaka niandike mimi, weka alama ya vema tu kwa penseli nitaelewa. Ukiacha wazi, nitaipeleka ikiwa wazi.

Inatakiwa Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Iweke juu ya friji ukimaliza, chini ya kile kikombe changu.

Baba