Barua kwa somo yangu: "Ameokoa muda wa mahakama"

Wete, Pemba

Somo yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa paa la jikoni linavuja na fundi kila siku ni "kesho inshaallah". Mara mbili umeniuliza kwenye simu kesi ya kuuawa kwa ami imeishia wapi, na mara mbili nimekugeuzia maneno nikakuuliza baridi ya huko. Sikuwa nakuficha. Mambo mengine ukiyasema kwa simu, mtandao ukakatika katikati, unabaki umeyasema nusu. Leo watoto wamekwenda chuo cha Qur'ani, nimekaa barazani na daftari la mwanangu, nakuandikia.

Imekwisha. Aliyemuua kapewa miaka sita, ikihesabiwa tangu siku aliyotiwa ndani. Minne keshaimaliza mahabusu. Imebaki miwili, na akiwa na tabia njema huko Chuo cha Mafunzo (wewe umeshazoea ya huko, lakini kwetu hilo ndilo jina la jela na mfungwa huitwa mwanafunzi) hata hiyo miwili haitatimia. Kila tarehe 12 Januari, sherehe za Mapinduzi, Rais husamehe wanafunzi kadhaa. Sijui kama wa kosa hili huingia humo. Najua tu kwamba mwaka huu nitaisikiliza redio siku hiyo, na mimi redio ya sherehe sikuwa nikiisikiliza.

Wewe uliondoka kabla, kwa hiyo usiku wenyewe umeusikia kwa vipande. Ulikuwa Novemba 2011. Kumbuka mwaka ule ulivyokuwa: Septemba tarehe 10 Spice Islander imezama ikija huku Wete, hakuna mtaa usiokuwa na maiti au usiokuwa ukingoja maiti. Mpaka Novemba ubani wa hitma ulikuwa haujatoka kwenye nguo zetu. Na humo humo karafuu zimezaa na bei imepaa mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, kitu ambacho hata baba hakuwahi kukiona. Watu wanalia na huku wanachuma. Ami alikuwa analala sakafuni, pale zinapoanikwa, kwa sababu usiku mmoja wa uzembe ulitosha kukuibia jasho la msimu mzima. Alikuwa na jamvi lake, kurunzi, na redio ndogo ya betri.

Alfajiri mama mdogo, mkewe, alipompelekea chai akaikuta redio inasema peke yake.

Magunia mawili yalikuwa yamekwenda. Tuseme kilo mia. Milioni moja na nusu, somo. Baba ndiye aliyemuosha, na alipotoka ndani alisema neno moja tu, "kisogoni", akaenda kukaa chini ya mwembe. Yaani kidonda kilikuwa nyuma ya kichwa. Neno hili uliweke, nitalirudia.

Polisi walikuja, wakaandika, wakachukua mpini wa jembe uliokuwa na damu. Wakakamata wachumaji wawili, wakawaachia. Halafu kimya. Mwanzoni tulikuwa tunakwenda kituoni kila Jumatatu, baadaye kila mwezi, baadaye akipita tu mtu upande ule. Jibu lilikuwa moja na wewe unalijua, kila Mzanzibari analijua: upelelezi haujakamilika. Nakuapia, askari wa mwisho aliyenijibu hivyo alikuwa bado yuko skuli siku ami alipouawa.

Mwaka wa tisa, yaani 2020, yakazuka mambo kwa ugomvi wa pikipiki. Wawili waligombana hadharani, mmoja akamwambia mwenzake, "unanifanya mimi yule mzee wa karafuu?" Maneno yakatambaa mpaka yakafika. Akakamatwa kijana, ambaye siku ile alikuwa na miaka ishirini na sasa ni baba wa watu. Sikwambii jina lake wala mji wake. Unamjua, na wazazi wake tunazikana.

Akashitakiwa kuua kwa makusudi. Tukasema alhamdulillah, sasa. Miaka minne, somo! Leo wakili anaumwa, leo jaji yuko Unguja, leo shahidi hakupata wito, leo faili limekwenda kwengine. Mama mdogo alikuwa anavaa lile buibui lake la Idi kila tarehe ya kesi. Mpaka likapauka mabegani.

Na kila tarehe ikiahirishwa, kesi yetu ilikuwa inapungua nyama. Mzee aliyemuona mtu akishuka na magunia usiku ule alikuwa keshafariki tangu 2015. Mwengine yuko Oman, simu hapokei. Wa tatu alipanda kizimbani, akaulizwa mbalamwezi ilikuwepo au haikuwepo, akasema ilikuwepo, kisha akasema hakumbuki. Nani anakumbuka mbalamwezi ya miaka kumi nyuma? Ripoti ya daktari ilikuwa nakala iliyofifia, inasomwa kwa kugeuzwa kwenye mwanga wa dirisha. Na ule mpini haukuonekana. Uliingia ghala ya vielelezo na ghala ikahamishwa. Basi.

Ndipo mwanasheria wa upande wa serikali akatuita pembeni. Sitamsema vibaya. Ni binti mpole, na alitwambia ukweli kuliko wote waliomtangulia. Akasema, "Mama, tukimshikilia kwa kuua kwa makusudi, kwa ushahidi huu anaweza akatoka hivi hivi. Yuko tayari kukiri kuua bila ya kukusudia. Bora hiki." Mama mdogo akamuuliza, "Mnanitaka ruhusa au mnanipa habari?" Yule binti akatazama chini. Ilikuwa habari.

Maana huko mahakamani, somo, mimi ndiko nilikojifunza kwamba ami si wetu. Karatasi imeandikwa Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya fulani. Sisi ni mashahidi, tunakaa kwenye benchi na mabarakashia na mikoba yetu kama waliokuja kungoja daladala. Sisi tuliosoma chuoni tunajua katika Suratul Israa kwamba aliyeuawa kwa dhulma, walii wake, yaani jamaa mrithi wake, amepewa madaraka, ila asipindukie mpaka. Madaraka ya kudai, ya kupokea diya, yaani fidia ya damu, ya kusamehe. Lakini kadhi kwetu ni wa ndoa, talaka na mirathi. Damu imo mikononi mwa serikali. Sawa, na mimi sisemi irudishwe kwetu, kisiwa hiki kidogo tungemalizana. Ninalosema ni kwamba msamaha wetu umetolewa na watu wengine, na hatukuulizwa hata bei.

Siku ya hukumu wakili wake alisimama kumuombea. Nilikuwa safu ya pili, nimesikia kila neno. Mheshimiwa jaji, mteja wangu ni mkosaji wa mara ya kwanza. Mheshimiwa, ana mke na watoto watatu, mdogo ndiyo kwanza ameanza skuli. Mheshimiwa, wakati wa tukio alikuwa kijana mdogo, alikwenda kuiba tu, mzee akaamka na kurunzi, akababaika. Mheshimiwa, amekiri, na kwa kukiri kwake ameokoa muda wa mahakama.

Ameokoa muda wa mahakama.

Miaka kumi na tatu! Nilicheka, somo, wallahi nilicheka kwa sauti, mpaka karani akanikazia macho. Watoto wote watatu wamezaliwa baada ya ami kuzikwa. Mke kaolewa baada ya ami kuzikwa. Kila kilichoombewa huruma alikipata katika ile miaka ambayo sisi tulikuwa tunakwenda kituoni kila Jumatatu. Tulikuwa tunangoja, yeye anajenga. Kisha siku ya kupima, kungoja kwetu hakukuwekwa kwenye mizani, na kujenga kwake kukawekwa. Angekamatwa wiki ile ile angekuwa kijana mwizi mwenye damu mikononi, na mpini upo, na mzee shahidi yuko hai. Amekamatwa kwa kuchelewa, amekuwa baba wa watoto watatu.

Na kisogo? Mtu akikuamkia na kurunzi, kidonda kinakwendaje kisogoni? Baba angeulizwa angesema, lakini baba naye alitangulia 2018, na aliyoyaona alipokuwa akimuosha ndugu yake hayakuandikwa popote ila kwenye barua hii.

Najua utasema nini. Uliponitumia picha ya lile jiwe la kumbukumbu la Eltham, huko London, la Stephen Lawrence, mimi sikuelewa kwa nini unanionyesha, nikadhani ni mtalii umekuwa. Baadaye nikasoma. Kijana mweusi wa miaka kumi na minane, anangoja basi, akachomwa kisu na vijana wazungu, Aprili 1993. Wawili walihukumiwa Januari 2012, miezi miwili tu baada ya ami yangu kuuawa. Kilichowafunga ni tone la damu kwenye ukosi wa jaketi, dogo hata jicho halilipati vizuri, na nyuzi na unywele. Lakini jaketi lilikuwepo! Miaka kumi na minane na ushei na jaketi lipo. Kwetu jembe limepotea na Pemba yote ni kama kiganja.

Na hata huko kwenu, mwisho wake ulinikumbusha ukumbi wetu. Walipewa kifungo cha maisha, lakini kwa kuwa walikuwa chini ya miaka kumi na minane siku ya mauaji, jaji alilazimika kuwapimia kama watoto, watu wazima wamesimama mbele yake na ndevu. Mmoja muda wa chini kabisa ni miaka 15 na miezi 2, mwengine miaka 14 na miezi 3. Sheria inasema hivyo na ina sababu zake. Lakini ni kule kule: wao walikaa nje mpaka wakakua, wakabeba na utoto wao mpaka mahakamani. Stephen hakukua. Baba yake, Neville, mwaka 2018 alisema amewasamehe. Nilipolisoma hilo nilimuonea wivu, usinicheke. Lilikuwa lake, na alilitoa mwenyewe.

Usije ukadhani nataka kitanzi. Watu wamenisema hapa mtaani kwamba nimekuwa na roho ngumu. Kitanzi kimo kwenye sheria lakini Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na mimi sina hamu ya kuona inaanza kwa ajili yangu. Ningepewa hata miaka hiyo hiyo sita, lakini mwaka 2012, na neno la kweli, kuua, ningelala. Wazee wa baraza la msikitini wao wananipoza kwa njia yao: "Bibi, wewe umepata angalau mtu mmoja. Wa Januari 2001 wamepata nani?" Hao ni waliopigwa risasi na polisi kwenye maandamano, na hapo sina jibu. Tume ya Brigedia Jenerali Mbita ilihesabu waliokufa 31, wengine wakahesabu zaidi, na mimi sijamuona askari hata mmoja aliyepandishwa kizimbani. Ndiyo maana mtu wa Pemba ukimwambia kesi imeisha kwa miaka sita, anakupa pole na hongera kwa pumzi moja. Lakini kufarijiwa kwa msiba mkubwa kuliko wako, somo, kunachosha.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae niandike. Hukumu ilipokwisha kusomwa, askari wakamtoa kwa mlango wa pembeni, na mlango huo unapita mbele ya benchi letu. Alipofika kwa mama mdogo akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mama."

Na yeye akajibu, "Marahaba."

Imemtoka tu. Miaka sitini na tano ya kujibu marahaba kwa kila mtoto anayepita, ulimi haukungoja ruhusa. Tangu siku hiyo halali. Usiku nasikia vyombo, nakwenda nakuta anaosha vilivyokwisha kuoshwa, ananambia, "Nimemjibu, mwanangu. Nimemjibu marahaba muuaji wa mume wangu." Nimemwambia salamu ni haki ya Muislamu. Nimemwambia hakumaanisha. Hanisikii. Jana kanigeukia kaniuliza, "Na kama nilimaanisha?"

Na jana hiyo hiyo sheha, kiongozi wa mtaa wetu, amepita. Wazee wa upande wa kijana wanataka kuja Ijumaa, baada ya sala. Miaka yote hawakuja, sasa nafahamu kwamba wakili aliwakataza, kuja kungekuwa kukiri. Sasa kesi imekwisha, njia iko wazi. Ndugu zangu wa kiume wamesema mlango usifunguliwe. Mimi nilikuwa upande wao mpaka asubuhi hii.

Asubuhi hii mama mdogo kaniamsha kabla ya adhana. Kaniambia nifagie baraza zote mbili, na nikaazime vikombe kwa jirani kwa sababu vyetu havifiki. Nikamuuliza, "Utatoka kuwaona?" Akaniambia nisisahau na sinia.

Nisalimie watoto. Nitakupigia Jumamosi.

Ni mimi somo yako