Njia ya reli ya zamani ishindiliwe

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu njia ya miguu na baiskeli iliyopita kwenye tuta la reli ya zamani. Goti langu la kushoto halitaki vilima, lakini njia hii nalimudu tuta lake: treni haiwezi mwinuko mkali, hivyo wajenzi wa reli walikata vilima na kujaza mabonde. Balaa ni pale darajani. Mataruma yaliyobeba reli yameng'olewa, kokoto zimeachwa vilevile. Juzi gurudumu la mbele la mjukuu wangu lilizama, akarukia mbele ya usukani. (Yeye alicheka, mimi sikucheka.) Wahusika wamwage changarawe laini, washindilie. Nanyi waendesha baiskeli, pigeni kengele jamani! Masikio nayo yamezeeka.

Babu wa mkongojo