Upendo, kabla hujagawana kitalu na kaka yako

Mafinga

Mwanangu Upendo,

Kamwene. Huku hatujambo, ila baridi ya Julai unaijua, mama yako habanduki jikoni mpaka jua litoke. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umechoka kuitwa "yule dada wa Elia", kwamba wateja wa miche ya maparachichi wakifika wanamuulizia yeye wakati aliyepandikiza ni wewe, na sasa unataka mgawane kitalu, kila mtu ashike njia yake. Sikukatazi. Ila kuna mtu nataka umjue kwanza. Tenisi haijanitoka tangu ujana wangu, nilipokuwa naokota mipira kwenye klabu ya mashamba ya chai kule Mufindi, na huyu hunijia kichwani kila unaponieleza mambo yako na Elia.

Anaitwa Cara Black, mzaliwa wa Harare, mwaka 1979. Baba yake, Don, aliwahi kucheza Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, kisha akatengeneza viwanja vya nyasi nyumbani kwake, kwenye shamba la maparachichi. Ndiyo, maparachichi! Hapo ndipo walipokulia Byron, Wayne na Cara, kitinda mimba. Kwenye nyasi mpira hauruki juu, unateleza, na ukiusubiri nyuma unakupita. Mtoto anayejifunzia hapo anazoea kusogea wavuni na kuupiga kabla haujagusa chini. Cara hakuwa mrefu, lakini wavuni alikuwa na mikono myepesi ajabu.

Mwaka 1997, kwenye mashindano ya wasichana chipukizi, alishinda Wimbledon na US Open, akicheza peke yake. Watu wakajua nyota imezaliwa. Alipoingia kwa wakubwa, peke yake aliishia nafasi ya 31 duniani, mwaka 1999, hakupanda zaidi. Si haba, dunia ni kubwa, lakini siko alikotazamiwa. Kucheza wawili wawili, yeye na mwenzi upande mmoja, ndiko alikotisha: mataji 60, na wiki 163 akiwa namba moja duniani. Kaka zake nao, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa namba moja kwenye mchezo huohuo wa wawili. Tena yeye na Wayne, katika ule wa mwanamume na mwanamke upande mmoja, walichukua French Open 2002 na Wimbledon 2004. Kaka na dada, Upendo.

Wasioujua mchezo huo hudhani mmoja anacheza na mwingine anamsindikiza. Anayeanzisha mpira yuko nyuma; mwenzake yuko wavuni, mkono mgongoni, anamwonyesha kwa vidole atakimbilia upande gani. Akivuka kwenda kuukata mpira, wa nyuma anaziba pengo papo hapo, la sivyo wameumbuka wote. Pointi ikipatikana, wanaopiga makofi wanamtazama aliyeumaliza mpira. Aliyeupiga ule wa kwanza, uliomlazimisha mpinzani kuurudisha kilegevu, hatazamwi sana. Mwenzake lakini anajua. Na Elia anajua pia, hata kama ana mdomo wa kuuza mche uliokauka.

Sisemi ubaki naye hata ikikuwia tabu. Cara na mwenzi wake Liezel Huber walishinda pamoja Wimbledon 2005 na 2007, Australian Open 2007 na US Open 2008, na bado mwaka 2010 wakaachana. Mwaka huohuo Cara akachukua Wimbledon na Leander Paes wa India, wakicheza mwanamume na mwanamke. Mwaka 2012 akajifungua mtoto wa kiume, akarudi uwanjani, na mwaka 2014 yeye na Sania Mirza wakashinda fainali za kufunga msimu kule Singapore, 6-1, 6-0. Hizo si alama za fainali, ni kipigo. Ninachompendea ni kwamba alibadilisha wenzi kazi ilipodai, na hakuwahi kuona haya kuwa mchezaji wa wawili.

Kwa hiyo ninachokuuliza ni hesabu. Fedha za msimu uliopita mligawanaje? Kama Elia alichukua zaidi kwa kuwa yeye ndiye anayeshika simu ya biashara, nitasimama upande wako, na nitamwambia usoni. Kama mligawana sawasawa, basi ugomvi wenu ni wa kibao cha barabarani, na kibao kinapakwa rangi upya asubuhi moja. Mkienda kusajili jina BRELA, kwa wale wasajili wa biashara, yaandikwe majina yote mawili. Hilo mimi naliona halina mjadala.

Njoo Jumapili baada ya ibada, Elia nimeshamwita. Lete daftari la mauzo, lile lenyewe, usilete picha kwenye simu, macho yangu hayasomi vidude vile. Mama yako anaomba umletee vikonyo vya maparachichi ya Hass vya kupandikiza, anasema vyake vimepigwa na baridi.

Baba yako